Kalenda ya Shule na Kalenda ya Jembe



Kiangazi kinaisha. Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa 9 watoto wetu watarudi shuleni, na karibu siku zilezile mvua itarudi katika milima yetu ya Kivu ya Kusini. Kila mwaka mambo hayo mawili hufika pamoja. Kengele ya shule inalia, udongo unalowa, na kila mama anajua kwamba maharage na mahindi hayangojei mtu. Aliyechelewa kupanda kwa juma mbili tatu ataona jirani anavuna, na yeye bado anaangalia maua. Mwalimu naye wakati huo ameanza kuandika herufi za kwanza ubaoni, na programu ya mwaka haimruhusu kungoja.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nimelelewa na mkulima. Sitaandika hapa yale mnayoambiwa katika kila mkutano, kwamba mpeleke watoto shuleni. Mnawapeleka. Swali langu ni lingine: kwa nini mtoto aliyeandikishwa mwezi wa 9, mwenye kaye mpya na nguo safi, mwezi wa 3 hayupo tena darasani? Tena, familia na shule zifanye nini, majira kwa majira, ili asipotee?

Daftari la mahudhurio linasema nini

Kila asubuhi tunaita majina na kutia alama. Ukifungua daftari hilo mwisho wa mwaka, utasoma ndani yake kazi zote za shamba. Juma za kupanda zinaonekana, juma za kupalilia zinaonekana, siku za soko zinaonekana pia. Mtu asiyejua majira yetu angeweza kujifunza kutoka katika alama hizo ni lini tunashika jembe na ni lini tunabeba mavuno.

Utaona vilevile ni nani anayekosa. Wakati wa kupanda, mara nyingi ni msichana wa mwaka wa tatu, wa nne au wa tano. Yeye ndiye yaya wa nyumba. Mama anakwenda shamba la mbali tangu alfajiri, mtoto mchanga hawezi kukaa juani siku nzima, basi msichana anabaki naye mgongoni. Wakati wa mavuno wanakosa wasichana na wavulana, kwa sababu kuna mizigo ya kuteremsha. Jua la kiangazi likianza, wavulana wakubwa wanakwenda kwenye matofali.

Mama anasema: "Siku moja si kitu, mwalimu." Ni kweli, siku moja si kitu. Lakini tuhesabu pamoja. Mtoto akikosa siku 2 kila juma, kwa muda wa juma 5 za kupanda, amekosa siku 10. Kwa kuwa tunafundisha tangu Jumatatu mpaka siku ya posho, hizo ni karibu juma mbili nzima za masomo. Katika juma mbili za mwezi wa 10, darasa la mwaka wa pili linaweza kuwa limemaliza kujumlisha kwa kubeba na kuingia katika kutoa. Yule aliyekosa anarudi, anaona alama ubaoni ambazo wenzake wanazijua na yeye hazijui. Anaona haya kuuliza. Anahamia benchi la nyuma. Pointi za kipindi cha kwanza zinatoka mbaya, anachekwa, na siku moja yeye mwenyewe anasema: "Mama, sitaki tena masomo."

Ukitafuta aliyemtoa mtoto huyu shuleni hutampata. Shule haikumfukuza, na mama yake hakumkataza. Alipotea kidogo kidogo, kwa sababu kalenda ya shule na kalenda ya jembe zilikuwa zinamvuta kila moja upande wake.

Shule ya bure bado inamhitaji mzazi

Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za serikali. Tangu mwezi wa 9 wa mwaka 2019, jambo hilo lilianza kutekelezwa katika nchi nzima. Watoto wengi waliokuwa wanakaa nyumbani kwa sababu ya minervali waliingia darasani, na hilo ni jambo la furaha.

Lakini kuna jambo moja lililobadilika pamoja nalo. Zamani mzazi alifika shuleni hata kama ni kwa shida tu: kulipa, kuomba siku za kungojewa, kumrudisha mtoto aliyefukuzwa kwa sababu ya deni. Alimwona mwalimu, na mwalimu alimjua. Leo mama anaweza kumaliza mwaka mzima bila kukanyaga uwanja wa shule, akifikiri kwamba kila kitu sasa ni kazi ya serikali. Vyumba vimejaa, mwalimu ana watoto wengi mbele yake, na mtoto asiyefuatiliwa na mtu wa nyumbani kwake ni rahisi kupotea katikati ya wengi hao.

Kwa hiyo ninapozungumza juu ya kushirikiana na shule, sizungumzi juu ya pesa. Ninazungumza juu ya macho, mikono na maarifa ya mama. Hebu tufuate mwaka, tuone.

Mwezi wa 9 mpaka wa 12: kupanda na kuanza

Jambo la kwanza ni mkutano wa wazazi wa kufungua mwaka. Mkutano huo mara nyingi unazungumzia nguo za shule na nidhamu, halafu watu wanarudi nyumbani. Mwaka huu, mama, inukeni na mseme: "Direkta, mwalimu, juma zetu za kupanda ni hizi na hizi." Tarehe za mitihani ya muhula zinatoka juu, na shule haina uwezo wa kuzibadili. Lakini maswali ya kila juma, yale yanayokusanywa kufanya pointi za kipindi, mwalimu mwenyewe ndiye anayeyapanga. Akijua kwamba juma fulani kijiji kizima kiko shambani, anaweza kuuliza maswali juma linalofuata, na somo jipya gumu akaliweka siku ambazo watoto wote wapo.

Jambo la pili ni zamu ya kulea. Vikundi vyetu vinajua kulima kwa zamu: leo tunalima kwa huyu, kesho kwa yule. Tuongeze kazi moja ndani ya zamu hiyo. Mama sita wakienda kulima, watano washike majembe, na wa sita abaki na watoto wachanga wote chini ya mti au katika nyumba iliyo karibu na shamba. Siku inayofuata, mwingine anabaki. Kikundi kinapoteza jembe moja kwa siku, lakini wasichana kadhaa wanakuwa darasani. Ninajua kikundi kimoja kilichoanza kufanya hivi katika msimu mmoja wa kupanda. Hawakuomba ruhusa kwa mtu yeyote, wala hawakungoja mradi. Walikubaliana tu ni nani atabaki, na kwamba kila mama atamwacha mtoto wake na uji na kitambaa safi.

Jambo la tatu ni bustani ya shule. Lengalenga linaweza kuchumwa karibu mwezi mmoja baada ya kupandwa. Maharage mafupi yanachukua karibu miezi mitatu, maana yake mbegu iliyoingia udongoni katikati ya mwezi wa 9 inaweza kuwa chakula kabla ya Noeli. Muhula wa kwanza wote unaweza kufundishwa juu ya tuta moja. Watoto wa mwaka wa kwanza wanahesabu mbegu: kumi, ishirini, thelathini. Wa mwaka wa tatu wanapima mmea kwa rula kila siku ya posho na kuandika urefu wake. Wa mwaka wa nne wanapima tuta kwa kamba na kutafuta mzunguko wake. Wa mwaka wa sita wanahesabu: tumenunua mbegu kwa bei gani, tukiuza mafungu kadhaa tutapata faida kiasi gani?

Hapo mama anakuwa mwalimu. Aje siku moja, kwa nusu saa, awaonyeshe watoto jinsi anavyochagua mbegu: kuondoa iliyotobolewa na wadudu, iliyokunjamana, iliyopasuka. Awaonyeshe jinsi ya kuhifadhi maharage kwa majivu. Sisi walimu tutaongeza yaliyo katika vitabu: tutang'oa mharage mmoja, tutaonyesha vinundu vidogo kwenye mizizi yake, na kueleza kwamba vinundu hivyo vinarudisha chakula udongoni. Ndiyo sababu mahindi yanayopandwa mahali palipokuwa na maharage yanasitawi. Mama alijua hivyo tangu zamani kwa macho yake. Mtoto sasa anajua pia sababu. Mtoto aliyemwona mama yake akisimama mbele ya darasa na kusikilizwa anatambua kwamba nyumbani kwao kuna maarifa.

Lakini ni lazima niseme wazi: bustani ya shule si shamba la mwalimu. Mavuno yake yaandikwe katika kaye, na komite ya wazazi iyaone. Yapikwe kwa ajili ya watoto, au yauzwe na pesa yake inunue chaki na ndoo za maji. Mtoto hawezi kutolewa darasani saa za masomo kwenda kulima shamba la mtu, awe mwalimu au mwingine. Mkiona hivyo, mama, mna haki ya kuuliza, na mwalimu mwema hatakasirika.

Tarehe 15 ya mwezi wa 10 ni siku ya kimataifa ya kunawa mikono, na tarehe hiyohiyo ni siku ya kimataifa ya mwanamke wa kijijini. Hizi ni sikukuu mbili ambazo shule na kikundi cha mama vinaweza kuzifanya pamoja bila gharama kubwa. Mvua inapoanza, uchafu unateremka kwenye vijito na visima, na magonjwa ya kuhara yanaongezeka. Kibuyu au bidoni yenye tundu, kamba, sabuni, na kama sabuni haipo, majivu: hivyo vinatosha kuweka mahali pa kunawia karibu na choo cha shule. Mama wawili wakija asubuhi hiyo kuonyesha, watoto watakumbuka kuliko wakiambiwa na mwalimu peke yake.

Tusisahau pia njaa ya mwezi wa 10 na wa 11. Akiba ya zamani imekwisha, mapya bado mabichi. Mtoto anayefika darasani bila kula tangu jana anasinzia saa nne ya asubuhi, na wengine wanamwita mvivu. Kiazi kitamu kimoja kilichochemshwa usiku na kufungwa katika jani au kitambaa kinamfikisha mpaka saa ya kutoka. Penye uwezo, kikundi kinaweza kupanga uji wa mahindi, mtama na soya mara moja au mbili kwa juma, kila mama akileta kikombe kimoja cha unga katika juma zile ngumu.

Tarehe 5 ya mwezi wa 12, nchi yetu inaadhimisha siku ya taifa ya mti. Mvua bado ipo, na mche unashika. Shule nyingi za kwetu zimejengwa kwenye mteremko, na kila mvua kubwa inachukua kipande cha uwanja. Avoka na grevilea chache pembeni, na majani marefu kwenye kingo, yanazuia udongo. Kila mti upewe familia moja ya kuulinda na mbuzi, na kuumwagilia maji kiangazi kikifika. Mtoto atakayekuwa mwaka wa kwanza leo anaweza kula avoka ya mti wake kabla ya kumaliza mwaka wa sita, kama mche ulikuwa umepandikizwa.

Mwezi wa 1 mpaka wa 3: buleti, mavuno na kupanda mara ya pili

Likizo ya Noeli kwetu inaangukia karibu na mavuno ya maharage. Huo ndio wakati mzuri wa mtoto kusaidia nyumbani. Abebe, apukuchue, aanike, aweke katika magunia. Kazi ya nyumbani inamfundisha, na hakosi somo hata moja. Tukiwa na kazi inayoweza kungoja juma moja, tuingojeshe mpaka likizo.

Wakati huo buleti ya muhula wa kwanza iko tayari mkononi mwa mama. Mwaka wetu wa shule una vipindi 6, viwili katika kila muhula, na kila mara buleti inakuja nyumbani ikiwa na mahali pa sahihi ya mzazi. Mara nyingi inarudi ikiwa na sahihi ya kaka, au ya mtoto mwenyewe! Mama mwingine anasema: "Mimi sikusoma, nitaangalia nini?" Mama, huhitaji Kifaransa. Pointi zilizoandikwa kwa wino mwekundu ni zile ambazo hazikufika nusu. Hesabu ni ngapi. Kisha umwambie mtoto akusomee, na umuulize maswali matatu: Somo gani lilikushinda? Lilianza kukushinda lini? Nani darasani anaweza kukueleza? Ukisikia kwamba lilianza kumshinda juma zile za kupanda, umekwisha kupata ugonjwa na dawa yake. Njoo umwambie mwalimu, na tutamrudishia masomo yale kabla darasa halijaenda mbali.

Katika miaka ya kwanza ya shule ya msingi, Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia kwetu mashariki. Ni bahati kwa mama. Jioni, wakati sombe inachemka, mtoto anaweza kukusomea mistari mitano kwa sauti, na wewe utajua kama anasoma kweli au anakariri, kwa sababu ni lugha yako. Mguse neno katikati ya mstari na umuulize: hili ni neno gani? Anayekariri atakwama hapo.

Mwezi wa 2 na wa 3, majembe yanatoka tena kwa msimu wa pili. Yote tuliyosema juu ya zamu ya kulea yanarudi. Ninaweza kusema kwamba hatari ni kubwa zaidi wakati huu, kwa sababu mtoto aliyeanguka muhula wa kwanza anatafuta sababu ya kubaki nyumbani, na akiombwa kulinda mdogo wake anakubali haraka. Akikubali haraka, mama, shtuka.

Mwezi wa 3 ni mwezi wa wanawake. Tarehe 8 tunavaa vitenge vyetu na kutembea. Ni vizuri. Lakini juma hilohilo shule inaweza kuwaita mama na nyanya kufundisha. Bibi mmoja asimulie hadithi ya zamani, watoto wa mwaka wa tano waiandike, na hadithi hiyo iwe somo la kusoma kwa watoto wa mwaka wa pili. Mama mwenye kusuka vikapu awaonyeshe jinsi anavyohesabu nyuzi ili pambo litoke sawa. Hiyo ni hesabu kabisa. Mama wa soko awaulize: nimenunua sambaza kwa bei hii, nikaziuza kwa vikombe, nimepata faida ngapi? Mtoto aliyezoea kuchukia hesabu ataamka.

Mwezi wa 4 mpaka wa 7: mvua kubwa na mtihani

Mwezi wa 4 mvua ni nyingi. Inapopiga kwenye mabati, sauti ya mwalimu haisikiki, tunanyamaza mpaka ipite. Njia zinateleza, vijito vinajaa. Watoto wadogo wasiende peke yao: panga na majirani, watoto wa njia moja waondoke pamoja na mkubwa mmoja mbele. Mfuko wa plastiki wa kufungia kaye ni kitu kidogo, lakini kaye zikilowa mara moja, maandishi ya miezi sita yanaondoka.

Tarehe 30 ya mwezi wa 4 ni siku ya mafundisho katika nchi yetu. Shule zinafanya nyimbo, michezo, mpira. Ni siku nzuri ya mzazi kufika, kwa sababu hakuna mtu anayeitwa kwa kosa. Mtoto anataka tu uone anachoweza. Tarehe 16 ya mwezi wa 6 tena ni siku ya mtoto wa Afrika, inayokumbusha watoto waliouawa huko Soweto, Afrika ya Kusini, mwaka 1976, walipoandamana kwa sababu ya masomo yao. Tuwaeleze watoto wetu habari hiyo. Wengine wao wanafikiri masomo ni adhabu.

Mwishoni mwa mwaka, mwaka wa sita wanafanya mtihani wa taifa, ENAFEP, ambao wengi wetu tuliujua kwa jina la TENAFEP. Juma za mwisho kabla ya mtihani zinaangukia katika mavuno ya msimu wa pili. Hapa ninawaomba, mama, kwa moyo wote: mtoto wa mwaka wa sita asibebe mzigo juma hizo. Amesoma miaka sita kwa ajili ya siku hizo. Kaka zake, baba yake, majirani wa kikundi wachukue sehemu yake. Kama mna watoto kadhaa wa mwaka wa sita katika njia moja, wakusanyeni jioni katika nyumba moja yenye taa, wasome pamoja, na mama mmoja awe karibu kuangalia tu usalama wao.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu wasichana wa mwaka wa tano na wa sita, ambalo mwalimu mwanaume hawezi kulisema kwa urahisi, kwa hiyo ni juu yetu. Wengine wameanza kuona damu ya mwezi. Choo kisicho na mlango wala maji kinamfanya msichana abaki nyumbani siku tatu nne kila mwezi. Hesabuni wenyewe ni siku ngapi kwa mwaka. Mlango wa mbao, kitasa cha ndani, ndoo ya maji: hivyo kikundi cha mama kinaweza kuvidai katika mkutano, na hata kuvitengeneza. Na mama azungumze na binti yake mapema, kabla hajashtuka peke yake darasani.

Kiangazi: mwezi wa 7 na wa 8

Baada ya pointi kutangazwa, tunafikiri shule imelala. Lakini kiangazi ndicho kinachotayarisha mwaka. Ni wakati wa salongo: kufunga mabati yaliyofunguka, kupaka udongo ukutani, kufukua mifereji, kurekebisha benchi, kabla mvua haijarudi. Hapa baba wana kazi. Baba wengi hawapendi mikutano, lakini ukimwomba alete nyundo na misumari asubuhi moja, atakuja, na akiisha kutengeneza benchi la darasa, ataanza kuuliza ni nani anayelikalia.

Ni wakati pia wa likelemba ya shule. Mwezi wa 9 unatuponda kwa sababu kaye, biki, viatu na mbegu vinatakiwa juma moja. Kikundi kikianza mwezi wa 4, kila mama akiweka franka 500 kila juma kwa muda wa juma 20, kila mmoja atakuwa na franka 10.000 mwishoni mwa mwezi wa 8, zimetengwa kwa ajili ya shule tu. Waliochelewa mwaka huu, waweke alama katika kalenda kwa mwaka ujao.

Tarehe 1 ya mwezi wa 8 tunaadhimisha siku ya wazazi, na tunasafisha makaburi ya waliotutangulia. Siku hiyo watu wa familia wanakusanyika. Ni nafasi ya kukaa wote na kupanga: mwaka huu nani atamfuatilia mtoto yupi shuleni? Baba, shangazi, mjomba, bibi, kila mtoto awe na mtu mmoja mkubwa anayejua jina la mwalimu wake.

Kwa mkutano wenu wa juma hili

Kabla masomo hayajafunguliwa, ninaomba kila kikundi kijibu maswali matatu. La kwanza: juma zetu za kupanda ni zipi, na nani atazitaja katika mkutano wa wazazi? La pili: nani ataanza zamu ya kulea, na watoto watakaa wapi? La tatu: ni mama gani wa kikundi chetu atasimama kuingia katika komite ya wazazi? Katika COPA nyingi wanaume wamejaa viti, wakati mama ndio wanaojua ni nani alibaki nyumbani leo na kwa sababu gani.

Na sisi walimu tuna deni letu. Tuwaite wazazi kabla mtoto hajaanguka. Tuzungumze nao kwa heshima, bila Kifaransa kigumu. Tumpokee mtoto aliyekosa juma moja kwa kumwonyesha alipoachwa, bila kumchapa maneno mbele ya wenzake. Mama akija kutuambia "juma lijalo ninapanda", tushukuru kwamba ametuambia, tufungue kaye ya matayarisho, na tutafute pamoja naye jinsi ya kupita juma hilo.

Kuanzia Jumatatu ile, majina yataitwa kila asubuhi. Mama asiyejua kama binti yake amehudhuria vizuri, apite shuleni siku yoyote akitoka sokoni, aombe kuonyeshwa daftari la mahudhurio. Ni haki yake, na inachukua dakika tano.